Nilivyojifunza kuokoa sweta za kashmiri kwenye mitumba

Mimi huuza sweta Nakuru, mji ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Julai wateja kutoka Molo na Elburgon wanataka kitu cha kuzuia baridi. Robota likifunguliwa, wengi hukimbilia kamera, yaani nguo za daraja la juu: sweta nene, rangi kali. Kashmiri, sufu laini ya mbuzi, huachwa kwenye fagia, yaani masalio, kwa sababu ni nyembamba, imejaa vifundo na pengine nondo wameitoboa. Hizo ndizo ninazozitafuta, na nilianza kuziokoa vizuri nilipoelewa zinavyotengenezwa.

Mbuzi wa kashmiri, ambao wengi wanafugwa China na Mongolia, wana manyoya ya tabaka mbili: singa ngumu juu, na chini yake malaika, yaani manyoya laini yanayoota kwa ajili ya majira ya baridi. Baridi ikiisha malaika huanza kupukutika, na wafugaji huyachana kwa chanuo la chuma. Mbuzi mmoja hutoa gramu 150 hadi 200 hivi za malaika kwa mwaka, kwa hiyo sweta moja hula mavuno ya mbuzi kadhaa. Mteja mmoja aliniuliza, "Dada, kwani hawa wetu wa Baringo hawachaniki?" Nilimweleza kwamba malaika hayo hufuata kufupika na kurefuka kwa mchana, na sisi tuko jirani na ikweta, mchana wetu ni karibu ule ule mwaka mzima, kwa hiyo wetu hawapati ishara hiyo.

Manyoya yakishaoshwa, mashine hutenga singa na malaika. Hapo ndipo ubora unapoamuliwa. Marekani hairuhusu nguo kuitwa kashmiri kama wastani wa unene wa nyuzi umezidi mikroni 19 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Sina kipimo cha mikroni kibandani, hivyo naipitisha sweta chini ya kidevu, penye ngozi nyepesi. Ikiwasha, singa zimebaki au kuna sufu nyingine ndani. Nikishuku akriliki, yaani uzi bandia wa kiwandani, nachomoa kipande cha uzi kwenye mshono wa ndani nakichoma. Cha mnyama hunuka nywele zilizoungua na jivu lake husagika. Akriliki huyeyuka ikaganda kama shanga. Moto hauwezi kutenganisha kashmiri na sufu ya kondoo, hapo natumia vidole tu.

Nyuzi za malaika ni fupi, sentimita tatu au nne. Zikisokotwa, ncha nyingi hubaki nje, na hizo ndizo zinazojiviringa kuwa vifundo kwapani na ubavuni. Kwa hiyo vifundo si dalili ya nguo mbovu. Naitandaza sweta mezani, naivuta kidogo, naondoa vifundo polepole kwa kitana chenye meno ya karibu. Kisha nafumua ncha ya uzi: ikiwa ni nyuzi mbili zilizopotwa pamoja, nainunua bila wasiwasi. Uzi wa mkondo mmoja huchakaa upesi. Tena, ulaini wa kupita kiasi haunivutii, maana viwanda vingine huosha nguo muda mrefu ili manyoya yasimame, ikapendeza dukani na kuchakaa mapema.

Mshono ninaoupenda zaidi uko kwenye kikwapa. Sweta nzuri hufumwa vipande vyenye umbo tayari, vikaunganishwa kitanzi kwa kitanzi, na alama ndogo za kupunguza vitanzi huonekana zimejipanga. Iliyokatwa kwa mkasi haina alama hizo. Uzi wa kuzibia matundu nautoa kwenye mshono wa ndani, rangi ikalingana bila shida.

Kabla ya kushona naiweka nguo kwenye mfuko uliofungwa vizuri, ikae ndani ya friza wiki mbili, ili mayai na viwavi vya nondo vife. Kuosha ni kwa maji ya baridi na shampuu ya mtoto, bila kusugua wala kukamua. Naikunja ndani ya taulo, naikandamiza, kisha naianika imelala kivulini. Joto na msuguano hufanya magamba ya nyuzi yashikane, na ikishasinyaa hivyo hairudi. Zilizosinyaa sizitupi. Kitambaa chake hakifumuki kikikatwa, basi nakata kofia za watoto na soksi za kulalia, na akina mama wenye watoto wachanga huziulizia kabla sijazimaliza kushona.