Simu Kutoka Darasa la Tisa

Nilipigiwa simu na shule ya kijana wangu katika wiki ya saba ya muhula, siku ambayo sikutarajia habari yoyote kutoka huko. Mama aliyepiga alijitambulisha kuwa kazi yake ni kuwafuatilia wanafunzi wa darasa la tisa, akaniambia kwa upole kwamba kijana amekosa kipindi cha kwanza cha aljebra mara nne na kwamba alama zake, ambazo mwezi mmoja nyuma zilikuwa nzuri, zimeanza kuporomoka. Sikuwa na habari. Mimi hutoka nyumbani kabla hakujapambazuka, na kila siku nilimwacha akiwa amekwisha kuamka na kuvaa. Kumbe nikishafunga mlango alikuwa anarudi kulala.

Tangu siku ile nimekuwa nikizitazama shule za umma za Chicago kwa jicho jingine. Huu ni mji ambao shule zake zimesemwa sana: mwaka 1987 William Bennett, aliyekuwa Waziri wa Elimu wa Marekani, alizitaja kuwa mbaya kuliko zote nchini, na tangu hapo kila uongozi umekuja na dawa yake. Sheria ya mwaka 1988 iliipa kila shule baraza la wazazi, walimu na wakazi lenye uwezo wa kuchagua mwalimu mkuu. Sheria ya mwaka 1995 ikampa meya mamlaka ya kuteua bodi nzima ya shule za jiji. Mwaka 2013, chini ya Meya Rahm Emanuel, zikafungwa shule zipatazo 50 kwa mpigo, nyingi zikiwa katika mitaa ya Wamarekani Weusi ya kusini na magharibi mwa jiji. Watu hupenda kubishana ni ipi kati ya hatua hizo iliyozaa matunda. Kwa maoni yangu, lililosaidia zaidi ni jambo dogo ambalo halikuhitaji kukata utepe.

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba mwanafunzi anayemaliza darasa la tisa akiwa na krediti tano kamili, yaani vipimo vya masomo aliyoyafaulu, na asiwe amefeli zaidi ya somo moja la msingi kwa muhula mmoja, ana nafasi ya kuhitimu sekondari mara tatu na nusu zaidi ya yule asiyefikia kiwango hicho. Kipimo hicho kilitabiri vizuri kuliko alama za mitihani ya nyuma, rangi ya ngozi na hali ya kipato zikiwekwa pamoja. Waligundua pia kwamba mahudhurio hushuka ghafla mtoto anapovuka kutoka darasa la nane kwenda la tisa, hata kwa wale waliofika na alama nzuri, kwa kuwa sekondari inamwachia uhuru ambao bado hajajifunza kuutumia. Niliposoma maelezo hayo nilimwona kijana wangu kitandani, blanketi hadi kichwani.

Shule zikaanza kuletewa orodha za majina kabla mambo hayajaharibika, badala ya kusubiri matokeo ya mwisho wa mwaka, na kila jina likapewa mtu wa kulifuatilia. Wanafunzi wa darasa la tisa waliofikia kile kiwango cha watafiti walikuwa asilimia 57 mwaka 2007. Kufikia mwaka 2013 walikuwa asilimia 82. Kiwango cha kuhitimu, ambacho mwaka 2011 kilikuwa chini ya asilimia 60, siku hizi kimevuka asilimia 80. Huku shule za msingi nako, mwaka 2017 Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha kwamba watoto wa Chicago, kati ya darasa la tatu na la nane, walipiga hatua ya miaka sita ya masomo ndani ya miaka mitano, kasi ambayo karibu hakuna wilaya kubwa ya shule nchini iliyoifikia.

Sisemi takwimu zote zilikuwa safi. Mwaka 2015 mamlaka ya shule ililazimika kuzishusha hesabu zake za wahitimu, baada ya waandishi wa habari kubaini kwamba baadhi ya walioacha shule walikuwa wakiandikwa kana kwamba wamehama. Hata hivyo, marekebisho yalipofanywa, mwelekeo ulibaki ule ule wa kupanda.

Shida ni kwamba simu kama ile niliyopigiwa inagharimu mshahara wa mtu, na fedha za kulipa mishahara hiyo ndizo zinazoyumba. Wanafunzi walikuwa zaidi ya 430,000 mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2024 walikuwa takriban 325,000, na hapo ni baada ya watoto wa wahamiaji waliowasili kuanzia mwaka 2022 kuizuia idadi isiendelee kushuka. Fedha za dharura za serikali kuu wakati wa korona, takriban dola bilioni 2.8, ziliajiri watu wengi, kisha zikaisha, na kwa bajeti ya mwaka 2026 wilaya ikajikuta na pengo la dola milioni 734. Juu ya hayo kuna mzigo wa pensheni za walimu, ambao katika sehemu nyingine za jimbo la Illinois hubebwa zaidi na serikali ya jimbo.

Upungufu wa watoto unaonekana kwa macho. Katika shule ya kijana wangu ghorofa ya tatu imefungwa kwa mnyororo. Ukichungulia kupitia kioo cha mlango unaona madawati yamepandanishwa hadi karibu na dari, na ubaoni bado imebaki nusu ya hesabu ya mwalimu fulani. Jengo hilo hupashwa joto lote wakati wa baridi. Mtu wa mahesabu atasema lifungwe, na kwenye karatasi atakuwa sahihi, lakini utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watoto waliohamishwa mwaka 2013 waliendelea kuwa nyuma katika hisabati kwa miaka minne. Mwezi Septemba 2024 bodi iliazimia kutofunga shule hadi mwaka 2027, azimio ninaloliunga mkono, ingawa najua halikuleta mtoto hata mmoja wa kukalia yale madawati.

Uongozi nao haujatulia. Mwezi Oktoba 2024 wajumbe wote saba wa bodi walitangaza kujiuzulu katikati ya mvutano na Meya Brandon Johnson, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mwalimu, kuhusu mkopo wa dola milioni 300. Mwezi uliofuata wakazi wakapiga kura ya kwanza kabisa ya kuchagua wajumbe wa bodi, 10 kati ya 21. Bodi ya kuchaguliwa yote itaanza kazi Januari 2027. Nilipanga foleni siku ya kura hiyo ya kwanza kwa furaha, maana meya kuteua kila mtu hakujawahi kuniridhisha.

Mwishoni mwa mwaka wa masomo nilihudhuria kikao cha baraza la shule yetu, lile lililozaliwa na sheria ya mwaka 1988. Tulikuwa wazazi kumi na mmoja kwenye maktaba isiyo na mkutubi. Mwalimu mkuu alisoma bajeti mstari kwa mstari, na alipofika kwenye nafasi ya mfuatiliaji wa darasa la tisa alivua miwani kabla ya kusema kwamba nafasi hiyo ililipwa kwa fedha za korona, na kwamba ili ibaki ni lazima mwalimu wa muziki afundishe nusu ya wiki tu. Mzazi mmoja, ambaye binti yake anapiga tarumbeta, aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna njia nyingine. Hakukuwa na njia. Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono, nafasi ikabaki, nami nilinyoosha wangu bila kumtazama usoni.

Kijana wangu ameingia darasa la kumi akiwa na krediti zake zote. Aljebra aliipata kwa shida.