PhD ya sayansi ya kompyuta: wanachoangalia kweli

Kila mtu anauliza GPA ngapi inatosha kuingia PhD ya sayansi ya kompyuta, jamani, matokeo yanakufikisha mlangoni tu. Kinachosomwa kwa makini ni barua za mapendekezo, kawaida 3, na barua inayosema "alipata A darasani kwangu, ana nidhamu" haikusaidii kitu, bora ya mwalimu uliyefanya naye utafiti akaeleza programu yako ilikwama wapi na ulijinasuaje. Halafu ile insha ya malengo, achana na stori za kupenda kompyuta tangu utotoni, sema swali gani linakukosesha usingizi na profesa gani pale analifanyia kazi.

Masters si lazima kila mahali. Marekani wengi wanaingia na digrii ya kwanza tu, ndo maana inachukua miaka 5 au zaidi, mwanzoni kozi za algoridhimu, mifumo na kadhalika, kisha mtihani wa kufuzu. Uingereza unaanza utafiti moja kwa moja, miaka 3 hadi 4, ila pendekezo la utafiti wanalitaka mapema. GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya juu hasa Marekani, vyuo vingi vimeachana nao, cheki kabla hujalipia.

Na msimamizi! Hapo usifanye mchezo. Watafute wanafunzi wake wa sasa, uliza anarudisha rasimu baada ya muda gani, maana huyo mtu unaye mpaka siku ya kutetea tasnifu. Na kama ofa haina hela ya ada na ya kujikimu, mi ningeikataa.