Wimbo ulionisimamisha Majengo

Jana jioni nimepita soko la Majengo kununua zabibu, mara redio ya muuzaji ikaanza kupiga Malaika, ule wa Fadhili William. Nikasimama palepale, mfuko mkononi, mpaka ukaisha.

Jamani, huu wimbo! Miriam Makeba naye aliuimba ukasikika dunia nzima, lakini mimi kila nikiusikia namwona mume wangu enzi za uchumba: shati moja la heshima, limepigwa pasi ya mkaa, kola bado ina unyevu. Mahari hana. Na alikuja kwetu akaniambia hivyo hivyo, ananitazama usoni.

Kijana wa kwenye Malaika hajisifu. Anakiri anapenda, na mali ya kuolea hana. Nyimbo za kuahidi magari na majumba zinanipita tu. Nalainika nikisikia sauti ya mtu aliyeishiwa maneno, gitaa likimsindikiza taratibu. Zeze la Wagogo nalo hunifanya hivyo, ukikaa karibu mpaka usikie upinde ukikwaruza uzi.

Nilipofika nyumbani nikauanzisha huku naosha zabibu. Akaja kutoka sebuleni, akaidaka sauti ya pili.