Nilivyokataa kusaini fomu iliyojazwa kwa penseli

Shamba langu la zabibu lilikuwa kaskazini mwa Jiji la Dodoma, upande wa Makutupora. Nililinunua kwa fedha zangu na mkataba una jina langu. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, kisha CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia ustawishaji wa makao makuu, ikavunjwa 2017 na manispaa ikapandishwa kuwa jiji 2018, sisi wa pembezoni tulijua zamu yetu inakuja. Ikaja kweli. Tuliitwa kwenye mkutano wa mtaa tukaambiwa eneo linatwaliwa kwa ajili ya mradi, tusipande wala tusijenge chochote kipya, wathamini watapita.

Mradi wenyewe siupingi. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 inampa Rais mamlaka ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, na ardhi yote nchini iko chini yake kama mdhamini. Kinachonichoma ni mtu kufanywa mvamizi kwenye jasho lake mwenyewe. Ibara ya 24 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kumiliki mali, na inakataza kunyang'anywa mali hiyo bila idhini ya sheria yenye masharti ya fidia inayostahili. Marehemu baba alihamishwa wakati wa Operesheni Dodoma, 1971. Aliacha tembe, zizi na shamba la uwele, na hakulipwa hata senti. Alilisema jambo hilo mpaka uzeeni.

Siku ya uthamini walikuja vijana wawili na daftari na kifaa cha GPS. Mmoja akaniamkia vizuri, halafu akauliza, "Mama, baba yuko wapi? Tunamhitaji mwenye shamba." Nikamjibu kwamba mwenye shamba ndiye huyu anayeongea naye. Walipita mistari michache ya mizabibu, iliyobaki wakaikadiria kwa macho. Kisha nikapewa fomu. Jina langu limeandikwa kwa wino, idadi ya mizabibu kwa penseli, sehemu ya thamani haina kitu.

"Saini hapa mama, wenzako wanasubiri."

Nikamwambia, "Mwanangu, sisaini penseli. Tuhesabu wote, mwenyekiti wa mtaa akiwepo, uandike kwa wino." Akakasirika. Akasema nitaachwa nje ya orodha ya fidia. Hapo ndipo majirani zangu wengi waliponywea, na siwalaumu, maana kauli kama hiyo inatisha ukiwa na watoto wa kusomesha. Lakini hakuna sheria inayosema kwamba anayehoji hesabu anapoteza fidia yake.

Wao waliondoka, sisi tukahesabu. Nilikuwa na wanangu, mwenyekiti na jirani mmoja. Kila mzabibu wa kumi tuliufunga kitambaa chekundu, tukaupiga picha kwa simu. Inayozaa tuliitenga na miche, tukaandika nguzo na waya zake, kisima, na nyumba ya vyumba viwili tuliyokuwa tukiishi. Mwenyekiti alisaini kila ukurasa. Makaburi ya wakwe zangu tuliyaandika peke yake, kwa kuwa uhamishaji wa makaburi una sheria yake, ya 1969.

Orodha ile niliiambatanisha na barua ya malalamiko, nakala mbili, nikaipeleka ofisini kwao. Karani akaniambia niiache tu mezani. Nilikaa kwenye benchi mpaka nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo ungekuwa umeandika bure, maana kesho utaambiwa hujawahi kulalamika.

Kwenye barua nilitaja Sheria ya Ardhi ya 1999, inayotaka fidia kamili, ya haki na ya haraka, na kanuni zake za 2001. Wengi wanadhani fidia ni mazao na matofali tu. Kuna thamani ya ardhi yenyewe, kuna posho ya usumbufu, kuna posho ya usafiri inayokokotolewa kwa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, na anayepoteza makazi analipwa kodi ya pango ya miezi 36. Mstari huo wa mwisho haukuwemo kabisa kwenye hesabu yangu ya kwanza.

Uthamini ulirudiwa. Safari hii alikuja mtu mzima, akahesabu mstari kwa mstari, akaandika kwa wino na kuniachia nakala. Idadi ilipanda sana.

Malipo yakachelewa. Sheria ya Uthamini ya 2016 inasema ikipita miezi sita tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe, fidia inadaiwa riba, na ikipita miaka miwili uthamini unaisha nguvu. Nikaandika tena kudai riba, muhuri juu, nakala kwa Mkuu wa Wilaya. Nililipwa vyote viwili.

Majirani waliosaini penseli bado wanahangaika. Kuishtaki serikali kunahitaji kwanza notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi, hata kama unayemdai ni halmashauri. Wakili wa msaada wa kisheria tumempata. Anachotaka sasa ni ushahidi wa idadi ya mizabibu iliyokwishang'olewa, kwa hiyo tunapita nyumba kwa nyumba kuomba picha za zamani zilizomo kwenye simu za watu: za harusi, za ubatizo, za mavuno, yoyote ambayo nyuma yake shamba linaonekana.