Chipu mkononi na hiari ya mwenye viza ya kazi

Mji wa River Falls, jimbo la Wisconsin, uko mwendo usiofika saa nzima kwa gari kutoka Minneapolis, ninakoishi na kufanya kazi ya kompyuta. Ulipata umaarufu tarehe 1 Agosti 2017, siku ambayo wafanyakazi wapatao 50 kati ya 80 wa kampuni ya Three Square Market, iliyokuwa ikitengeneza mashine za kujiuzia vitafunio maofisini, walikubali kutiwa chipu mwilini. Chipu yenyewe ni ndogo kama punje ya mchele, na huingizwa kwa sindano nene chini ya ngozi, kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Haina betri wala haiwezi kumfuatilia mtu njiani. Huamka tu mkono unaposogezwa sentimita chache karibu na kifaa cha kuisomea, na hapo mlango hufunguka, kompyuta humtambua mwenyewe, au soda hulipiwa. Gharama, takriban dola 300 kwa kila mtu, zilibebwa na kampuni, ambayo ilisisitiza kwamba hakuna aliyelazimishwa.

Mjomba wangu aliyeko Voi alipopata habari hizo alinipigia simu kuniuliza kama na mimi nimeshatiwa chapa ya mnyama. Sikumcheka, kwa sababu mwaka 2019 Wakenya wengi waliinenea Huduma Namba, namba ya utambulisho ya serikali, maneno hayo hayo, na hata huku Marekani, Baraza la Wajumbe la Virginia lilipopitisha mwaka 2010 mswada wa kukataza chipu za lazima, mjumbe aliyeuwasilisha alitaja hofu ya kitabu cha Ufunuo pamoja na hoja ya faragha. Lakini ninachokihofia mimi ni jambo la kidunia zaidi, nalo ni uzito wa neno hiari linapotamkwa na mwajiri.

Wisconsin ilikuwa na sheria juu ya jambo hili tangu mwaka 2006, miaka mingi kabla ya sindano za River Falls, na ndilo jimbo la kwanza kuitunga. Ni sheria fupi mno: hairuhusiwi kwa yeyote kumlazimisha mtu kupandikizwa chipu, na anayekiuka anaweza kutozwa hadi dola 10,000, huku kila siku ya kuendelea kukiuka ikihesabiwa kuwa kosa jipya. Imeishia hapo. Haielezi kulazimisha ni nini, haisemi nani atakayeitoa chipu mfanyakazi akiacha kazi, wala kumbukumbu za milango aliyoifungua ni mali ya nani. Kwa hiyo anayekataa analindwa, ila aliyekubali, ambaye ndiye mwenye kifaa mwilini, hakutajwa kabisa.

Fikiria sasa mwajiriwa mwenye viza ya H-1B, ile ya kazi kwa wataalamu wa kigeni, kama walivyo Waafrika Mashariki wengi ninaofahamiana nao katika fani hii. Ukaaji wake umefungwa kwa mwajiri wake, na kazi ikikatika hupewa siku zisizozidi 60 za kupata mwajiri mwingine, kubadilisha hadhi ya viza, au kufunga virago. Mtu huyo akiitwa ukumbini pamoja na wenzake, akaona keki mezani, wapiga picha wamejipanga na meneja wake amekwisha kukunja mkono wa shati, hatatishiwa na mtu. Atakubali mwenyewe, kwa tabasamu, na akiulizwa baadaye atasema alipenda. Mwenzake aliyezaliwa hapa anaweza kukataa kwa mzaha na kurudi kwenye dawati lake, kwa kuwa akifukuzwa hatapoteza haki ya kukaa nchini.

Katika hili California ilifikiri mbali zaidi. Sheria yake, iliyoanza kutumika mwaka 2008, inahesabu kuwa ni kulazimisha pale ajira, cheo au marupurupu yanapofungamanishwa na kukubali chipu, na inaongeza njia yoyote ile inayoweza kumfanya mtu wa kawaida akubali jambo ambalo asingelikubali vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayomfikia yule mwenye viza niliyemweleza. Nevada, mwaka 2019, ilikwenda hadi kumkataza mwajiri kuanzisha hata mpango wa hiari. Naielewa hofu yao, ingawa naona wamepitiliza, kwani mtu mzima anayeutaka mwili wake uwe hivyo ana haki ya kusikilizwa.

Na huyo naye hana kinga kubwa. Huko Sydney, mwanaume aliyejibadilisha jina kisheria kuwa Meow-Ludo Disco Gamma Meow-Meow alichomoa chipu ya kadi yake ya usafiri ya Opal, akaifunika kwa plastiki salama kwa mwili na kuitia mkononi mwake. Nauli alikuwa analipa. Hata hivyo, Machi 2018 alitozwa faini ya dola 220 za Australia na gharama za kesi dola 1,000 kwa kusafiri bila tiketi halali, kwa kuwa masharti ya kadi hayaruhusu kuichezea, na kadi yenyewe ikafungwa. Rufaa ya Juni mwaka huo ilimwondolea hatia, lakini gharama hazikufutwa. Mwili ulikuwa wake ila chipu ilikuwa ya waliotoa kadi, na ndivyo itakavyokuwa kwa chipu yoyote iliyolipiwa na mwajiri isipokuwa pawepo maandishi yanayosema vingine.

Kwa hiyo wenzangu wenye viza wakiniuliza, nawaambia waombe karatasi kabla ya sindano: kwamba kadi ya kawaida itaendelea kufungua milango yote ile ile, kwamba kumbukumbu za chipu hazitatumika kupima utendaji wao, na kwamba siku ya kuondoka kampuni itamlipa daktari wa kuitoa. Mwajiri akisita kutia saini, basi hapo hapo ameshawajibu.