Nilivyoficha majina ya wanunuzi bila kuuficha mnada

Nafanya kazi kwa dalali mmoja hapa Dar, leseni ni yake, mi niko upande wa mtandao. Tunauza vitu vya watu wanaohama na ofisi zinazofungwa: mafriza, jenereta, meza, kompyuta, mara mojamoja na gari. Mnada wa uwanjani unaujua, watu wanaonana sura, ukipandisha dau wote wanakuona, inaitwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mali imeenda na kila mtu anaondoka kwao. Tulipohamia grupu la WhatsApp ikawa tofauti kabisa maana namba ya simu ya kila mtu iko wazi, na dau lako linabaki pale hata mwezi mzima, anayetaka kulisoma analisoma.

Kwanza wakaja matapeli. Wanasubiri mnada uishe, wanampigia aliyeshika nafasi ya pili, "mshindi amekwama, friza ni lako, tuma hela kwenye namba hii sasa hivi kabla hatujampa mwingine." Anajua ni friza gani, anajua uliweka shilingi ngapi, kwa nini usimwamini? Baadae nikasoma kwamba eBay, ule mtandao wa minada wa Marekani, walipigwa hivihivi, na kuanzia 2007 hivi wakaanza kuficha majina ya wanaoweka dau, unaona herufi mbili tu na nyota katikati.

Afu kuna dada mmoja ana mgahawa, aliweka laki tisa na nusu kwenye friza. Shemeji zake walikuwa humo humo kwenye grupu. Kesho yake simu za mikopo zikaanza. Akaniambia, "Kaka, friza nalihitaji kweli ila siwezi kutangazia ukoo mzima kwamba nina hela." Akatoka kwenye grupu. Hiyo iliniuma, maana ndo mteja wa aina tunayemtaka, analipa kwa wakati, anakuja na kirikuu chake anabeba mzigo wake.

Kwa hiyo tukafungua chaneli, huko wafuatiliaji hawaonani namba. Dau unanitumia inbox, mi naliweka kwenye chaneli na namba yako ya mnada tu. Matapeli wakakosa pa kushika. Ila haikupita muda mzee mmoja, mnunuzi wetu wa tangu enzi za uwanjani, akanipigia. Nikamwamkia, akaitikia, akaingia moja kwa moja: "Mwanangu, zamani nilikuwa naona sura ya anayenipandishia bei. Sasa naona namba 23. Nitajuaje kama namba 23 ni mtu na sio wewe?"

Na ana haki kabisa. Ukificha majina unamsaidia mnunuzi, ila unamsaidia zaidi muuzaji mwenye wapambe, watu wa kupandisha bei wasio na nia ya kununua. Hapo ndo nikaona kuficha jina ni kazi ndogo, kazi yenyewe ni kuamua nini kibaki wazi.

Tulichofanya, kila dau linakwenda na historia ya namba yake. Linatoka hivi: "Jenereta. Namba 23. Laki saba. Saa 2:41 usiku. Ameshiriki 11, amenunua 3, hajawahi kujitoa. Kwa muuzaji huyu ameshiriki 1." Hicho cha mwisho ndo muhimu kuliko vyote, mtu anayepanda dau kwenye vitu vya muuzaji mmoja tu na hanunui hata siku moja anajionyesha mwenyewe. Kulikuwa na mabishano namba zibadilike kila mnada au zibaki. Zikibaki milele watu wanakujua tu, friza limeshushwa mlangoni kwako mtaa mzima unaona, basi namba 14 ni fulani. Zikibadilika kila mara hakuna anayeweza kumfuatilia mpambe. Tukakubaliana zibadilike kila miezi mitatu, na historia inaanza upya.

Daftari lenye majina halisi muuzaji halioni. Akijua anayeshindania jenereta ni mwenye hoteli na umeme unamsumbua, atambana. Muuzaji anapewa jina moja tu, la mshindi, tena akishalipa. Nakala ya daftari inakaa kwa mama mmoja mweka hazina wa kikoba cha mtaani kwetu, hauzi wala hanunui kwetu, anakabidhiwa kwenye bahasha iliyosainiwa juu ya gundi kabla mnada haujaanza ili nisiweze kuongeza mtu katikati. Mwenye mashaka anamfuata yeye, mama anafungua, anampigia mwenye namba, anajibu mambo mawili tu: ni mtu kweli au sio, ana uhusiano na muuzaji au hana. Jina halitoki.

Ilitumika kweli. Namba 8 alikuwa anapanda kila kompyuta ya muuzaji mmoja, ameshiriki 9, amenunua 0. Mnunuzi akalalamika, mama akapiga simu, kumbe ni kijana wa dukani kwa muuzaji huyohuyo. Tukafuta madau yake yote, mnunuzi akauziwa kwa bei ilipokuwa kabla namba 8 hajaingia, na muuzaji tukaachana nae. Tulitangaza kilichotokea, namba, na pesa iliyorudishwa. Watu walidai jina kwa nguvu sana, nikakataa na mpaka leo nakataa, kijana ametumwa na bosi wake na ukimwanika mtandaoni hapati kazi tena Kariakoo yote.

Kitu kingine, wateja huwa wanataka waniachie kikomo chao nipandishe kwa niaba yao. Sipokei. Mwenye kujua kikomo chako anaweza kukufikisha hapo, na mi nalipwa na upande unaouza. Denmark mwaka 2008 wakulima wa viazisukari, zaidi ya elfu moja, walifanya mnada wa mikataba ya kukiuzia kiwanda cha sukari mazao yao, ambapo kompyuta zilikokotoa bei bila yeyote kuona dau la mkulima, kwa sababu hawakutaka kiwanda kijue wanaweza kushuka mpaka wapi. Siku kikipatikana kitu cha hivyo ambacho mtu wa kawaida anakielewa nitakichukua haraka sana.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inataka usikusanye zaidi ya unachohitaji, kwa hiyo malalamiko yana wiki moja, ikiisha bila neno bahasha inachanwa mbele ya bosi na majina nafuta kwenye simu. Bei hatufuti. Yule mzee ndo aliing'ang'ania hiyo, na saivi mtu akitaka kujua jenereta kama lake liliuzwa bei gani anapanda juu kwenye chaneli anakuta zote, kuanzia dau la kwanza.