Siku moja ya mavuno: naonja Makutupora, zabibu nyekundu ya Dodoma

Saa 11 alfajiri. Agosti hapa Dodoma asubuhi ni baridi na upepo. Sinywi chai wala kahawa, na dawa ya meno yenye minti naiacha hadi usiku. Leo ulimi una kazi.

Saa 1 niko Hombolo, kwenye shamba la mama mmoja anayekiuzia zabibu kiwanda chetu cha divai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, zionje, uniambie."

Nachuma punje za vichana vya juani na vya kivulini, kwa sababu haviivi pamoja. Naminya, naonja juisi, kisha natafuna mbegu. Mbegu ikiwa bado ya kijani, ina uchungu unaong'ang'ania ulimi. Hizi ni za kahawia, zinavunjika kama karanga za kukaanga. Kipimo kinaonyesha sukari asilimia 22. Tunakubaliana zikatwe kesho mapema, maana jua la huku likizidi, ule uchachu unaoipa divai uhai hupungua upesi.

Saa 4 ndiyo saa yangu. Mdomo bado safi, njaa imeanza kuuma kidogo, na hapo ndipo pua inafanya kazi vizuri. Chupa nne za divai nyekundu, kila moja ya aina yake ya zabibu, zimefungwa karatasi nisijue ipi ni ipi: Makutupora yetu ya mavuno ya Machi (Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka), Syrah, Pinotage ya Afrika Kusini, na Saperavi ya Georgia aliyotuletea rafiki. Saperavi naitambua kabla sijainusa. Nyama ya zabibu hiyo yenyewe ni nyekundu, si ganda tu, kwa hiyo divai inakuwa nyeusi hadi ukingoni mwa glasi.

Glasi ya tatu inanisimamisha. Zambarau zilizoiva, ukwaju kwa mbali, ukakasi mwepesi kwenye fizi. Natema ndooni, naonja tena. Karatasi inafunuliwa: Makutupora, kavu, yaani isiyo tamu, bila sukari ya kuongeza. Nimefurahi mno. Watu wengi wanaijua zabibu hii kupitia divai tamu za bei rahisi, ambamo sukari imefunika kila kitu.

Saa 7 ugali wa uwele na mlenda. Mchana wote ni matangi: kupima joto, kuzamisha maganda yanayoelea juu ya juisi inayochachuka, kuosha mipira ya kupitishia divai.

Saa 11 jioni nakaa na kaka wa mauzo. Lebo yetu inasema "divai nyekundu" tu. Anasema mteja haijui Makutupora. Namwambia Pinotage nayo haikujulikana: mtaalamu wa zabibu Abraham Perold aliipata mwaka 1925 huko Stellenbosch, Afrika Kusini, kwa kuchavusha aina mbili za zabibu, Pinot Noir na Cinsaut, na leo Waafrika Kusini wanaiuza duniani kwa jina lake. Sisi tunalificha la kwetu kwa nini?

Amekubali tujaribu kwa tangi moja. Jina la zabibu litaandikwa juu, kwa herufi kubwa kuliko la kiwanda.